Sonona ya mjamzito si ugonjwa wa wanawake wa mjini tu

Kuna ujumbe unaozunguka tena na tena katika makundi ya WhatsApp, ukidai kwamba sonona (huzuni nzito inayodumu) ya ujauzito ni ugonjwa wa wanawake wa mjini wenye uwezo, na kwamba ya mama wa kijijini ni "mimba tu, akijifungua itapita". Dai hilo si kweli. Kuichanganya sonona na hali ya kawaida ya mimba kunaeleweka, kwa kuwa uchovu na usingizi wa mang'amung'amu huletwa na mimba pia. Lakini huzuni, au kutofurahia chochote, ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2, inafaa kuelezwa kliniki, ambako yapo maswali mafupi ya kuipima.

Wala tiba haihitaji bingwa. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa afya wa kawaida walifundishwa tiba ya mazungumzo, wakaketi na wajawazito wenye sonona majumbani mwao, wakiwaonyesha kwa picha wazo linaloumiza na wazo la kushika mahali pake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba, miezi 6 baada ya kujifungua, asilimia 23 yao walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya waliotembelewa bila tiba hiyo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Na mjamzito akitaja kujidhuru, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingojee tarehe ya kliniki.