Hisa Ni Zilezile, Sehemu Imepungua: Maana ya Kumegwa kwa Umiliki

Umiliki humegwa pale kampuni inapotoa hisa mpya na wewe usipate chochote katika hizo. Idadi ya hisa zako haibadiliki, lakini sehemu yako ya kampuni inashuka, na pamoja nayo haki yako katika faida, gawio na kura za mkutano mkuu. Kuigawa hisa moja kuwa mbili si kumega, maana kila mwanahisa anaongezewa kwa uwiano uleule.

Kwenye kampuni ndogo, mmegaji wa kimyakimya ni malipo ya wakuu kwa njia ya hisa. Tuseme kampuni ina hisa milioni 10 nawe unazo 100,000, yaani asilimia 1. Kila mwaka wakuu wanapewa hisa mpya 500,000. Baada ya miaka mitano zinafika milioni 12.5 na wewe umebaki na asilimia 0.8. Faida ya jumla lazima iwe imekua kwa asilimia 25 ndipo faida kwa kila hisa ibaki palepale.

Ukubwa wa kampuni ndio unaoleta tofauti. Wakuu wakipewa hisa za thamani ya shilingi milioni 20 kwa mwaka, hizo ni asilimia 0.04 tu ya kampuni ya bilioni 50. Kwenye kampuni ya milioni 500 ni asilimia 4, tena kila mwaka. Hali huwa mbaya zaidi malipo yakipangwa kwa kiasi cha fedha badala ya idadi ya hisa. Bei ikiwa 100, milioni 20 ni hisa 200,000. Bei ikiporomoka hadi 50, watu walewale wanachukua hisa 400,000. Kadiri wanavyoboronga, ndivyo wanavyomega zaidi.

Kuna pia haki za kununua hisa kwa bei iliyowekwa tangu mwanzo. Chukua haki milioni 1 za bei ya 40, huku wastani wa bei sokoni ukiwa 100. Wenye haki wakizitumia, kampuni ingepokea milioni 40, fedha zinazotosha kununua hisa 400,000 sokoni, kwa hiyo wahasibu huhesabu nyongeza ya hisa 600,000 tu. Bei ikipanda hadi 200, nyongeza inakuwa 800,000.

Hapa wengi huteleza. Kampuni ikiwa na hasara, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 33 hakiruhusu haki hizo ziingie kwenye hesabu, kwa sababu hasara ikigawanywa kwa hisa nyingi zaidi ingeonekana ndogo. Matokeo yake, hasara kwa kila hisa, kabla na baada ya kumegwa, inasomeka ileile, na msomaji anadhani hakuna hisa zinazokuja. Kumbe zimejaa kwenye maelezo ya nyuma ya taarifa za fedha.

Tangu 2005, kiwango kingine cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 2, kinataka malipo haya yaandikwe kama gharama. Lakini kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka, gharama hiyo hurudishwa kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, na wakuu hupenda kutangaza "faida iliyorekebishwa" isiyo nayo. Gharama hiyo itoe tena kwenye faida wewe mwenyewe. Kampuni ikinunua hisa zake sokoni ili idadi isipande, basi mshahara umelipwa taslimu, ila kwa mlango wa nyuma.

Ukitaka kupima, chukua idadi ya hisa mwishoni mwa kila mwaka kwa miaka mitano (si wastani wa mwaka, kwani huchelewa kuonyesha ongezeko), sawazisha kama hisa ziliwahi kugawanywa, kisha juu ya idadi ya sasa jumlisha haki zote na mikopo inayoweza kugeuzwa kuwa hisa. Ongezeko la asilimia 1 au 2 kwa mwaka linavumilika. Asilimia 5 kwa miaka kumi inaishusha asilimia 1 yako hadi takriban 0.61.

Si kila hisa mpya ni hasara: zikiuzwa kwa bei nzuri na mtaji ukazaa kuliko ulivyogharimu, hata mwanahisa wa zamani anafaidika. Angalia basi bonasi imefungwa kwenye nini. Ikifuata mauzo ya jumla, mkuu anaweza kununua kampuni nyingine kwa hisa mpya, mauzo yakapanda, akalipwa, huku faida kwa kila hisa ikishuka. Na kwenye ajenda ya mkutano mkuu, lisome kwanza azimio linaloiruhusu bodi kutoa hisa bila kuwapa nafasi wanahisa waliopo, uone kikomo chake ni asilimia ngapi.