Kwa nini nawapeleka wageni kwa nyati kabla ya Isandlwana

Wageni wengi wakishaona ratiba yangu ya siku saba huku KwaZulu-Natal huniuliza swali lile lile, mbona tunaanza na mbuga siku tatu nzima alafu ndo twaenda kwa viwanja vya vita kama Isandlwana, pale Wazulu walipowapiga Waingereza 1879, si ingekuwa bora historia iishe kwanza kisha wanyama wawe mapumziko ya mwisho? Nimelijibu kwenye simu mara nyingi sana, leo wacha niliandike vizuri.

Mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa. Kazi ya kutembeza watalii niliianzia Tsavo, na huku Afrika Kusini sasa ni mwaka wa kumi na moja. Nabeba watu 8 hawazidi, na hilo silibadilishi hata mtu aniombe vipi. Kabla sijaanza kujitegemea niliwahi kupelekwa na kampuni moja na basi la watu 40, tukafika Isandlwana saa sita jua kali, wale wa nyuma hawasikii kitu, wengine washarudi kwa basi kutafuta kivuli, na sehemu iliyotakiwa tuitembee kwa miguu haikuwezekana kabisa. Siku ile niliumia roho, manake pale wamelala watu zaidi ya elfu mbili na sisi tulikaa dakika arubaini tukaondoka.

Sasa turudi kwa mbuga. Hluhluwe-iMfolozi ilitengwa 1895, ni kati ya mbuga kongwe zaidi Afrika, na zamani upande wa iMfolozi ulikuwa mawindo ya wafalme wa Kizulu. Si tambarare kama Serengeti ambapo unaona swala yuko kilomita mbili mbele. Hapa ni vilima na mabonde, makorongo, vichaka vya miiba, nyasi zinakufika kiunoni, na ukitembea kwa miguu na askari mwenye bunduki mbele yako ndo unaelewa kwamba ardhi inaficha. Kundi la nyati sitini linaweza kuwa ndani ya korongo hatua hamsini kutoka ulipo na usijue, mpaka usikie wale ndege wanaokula kupe mgongoni mwa nyati wakiruka kwa kelele au upepo ukuletee harufu. Siku ya kwanza wageni huangalia wanyama tu. Siku ya tatu wameanza kuangalia ardhi yenyewe, wananiuliza kile kitu cheusi pale kwa mkunjo wa kilima ni kivuli ama ni nini, na hapo ndo najua wako tayari.

Na lazima niseme kuhusu vifaru, siwezi kupita hapa nikanyamaza. Mwanzoni mwa karne ya 20 vifaru weupe wa kusini walikuwa wamebaki chini ya mia moja dunia nzima, na walikuwa hapa iMfolozi. Wote unaowaona leo, hata wale wa Nakuru na Meru kule kwetu Kenya, mizizi yao ni hapa. Miaka ya 60 ndo walianza kuhamishwa kwa wingi, wazee wawili walioshikilia kazi ile ni Ian Player na Magqubu Ntombela, na Ntombela ndiye aliyekuwa anaijua ile pori kama mtu anavyojua nyumba ya mamake. Tangu 2024 wameanza kuwakata pembe kwa sababu ya majangili. Ukiwaona hawana pembe inauma, lakini wako hai.

Haya, nyati. Huwa natafuta dume mzee mmoja tusimamishe gari tumtazame usoni bila haraka. Paji limekaa kama ngao, pembe zinaanza hapo katikati, zinashuka kwa pande mbili kisha zinapinda kuja juu na ndani. Namwambia kila mtu akichore hicho kichwa kwa karatasi. Wanacheka, wanachora, nawaambia ikunjeni muweke mfukoni.

Tunatoka kwa geti la Cengeni upande wa magharibi, tunapita Ulundi ambako vita vya Waingereza na Wazulu vilimalizikia tarehe 4 Julai 1879, alafu Babanango, Nquthu, barabara yenyewe ng'ombe na mbuzi wamejaa kwa hivyo tunaenda pole pole. Njiani ndo nawapa maneno. Msikilizaji wa Kiswahili akikaa na Mzulu dakika kumi atashangaa: nyama ni inyama, nyoka ni inyoka, ndovu ni indlovu, nyati ni inyathi. Ule mto ambao Waingereza waliuita Buffalo, wenyewe wanauita Mzinyathi, na mimi sihitaji mkalimani hapo.

Na njiani pia nawaeleza kuhusu Frere. Mtu wa Mombasa akisikia Kengeleni anajua, ile kengele ya Frere Town pale Kisauni, kijiji cha watumwa walioachwa huru. Nimepita pale na matatu maisha yangu yote ya shule. Sir Bartle Frere ni yule aliyekuja Unguja 1873 kumshinikiza Sultan Barghash afunge biashara ya watumwa, na kwetu jina lake limebaki na sura ya mkombozi. Miaka mitano baadaye yuko huku, kamishna mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika, na tarehe 11 Disemba 1878 wajumbe wa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, wanasomewa masharti yaliyotokana na yeye, chini ya mti kando ya mto Thukela, wanapewa siku 30 tu kuyatimiza. Sharti zito kuliko yote lilikuwa kuvunja amabutho, yaani vikosi vya rika, na kwa sisi tuliotoka pande za Wamaasai hilo halihitaji maelezo, ukimwambia mfalme avunje rika za vijana umemwambia avunje nchi. London yenyewe haikutaka vita wakati ule, ilikuwa na shughuli Afghanistan. Frere aliitaka. Mimi hilo lilinisumbua sana nilipolisoma mara ya kwanza na bado linanisumbua, mtu mmoja, mikono miwili.

Isandlwana tunafika saa kumi na moja asubuhi kukiwa bado na ukungu, na hatuanzii kambini kwa Waingereza kama ziara nyingi zinavyofanya. Tunaanzia kwenye bonde la Ngwebeni, nyuma ya vilima, huko walikokuwa wamekaa Wazulu kama 20,000. Nawaweka wageni chini, wanyamaze kidogo, kisha nawauliza mnaiona kambi? Hakuna anayeiona. Hapo zile siku tatu za mbuga zinalipa, manake hakuna anayeniuliza tena watu elfu ishirini wanajifichaje, kila mmoja ameshawahi kupotewa na nyati sitini.

Tarehe 22 Januari 1879 haikuwa siku waliyoichagua. Mwezi ulikuwa umekufa, haujaandama, na kwao siku kama hiyo si ya kupigana. Walingoja kesho yake. Ila askari wa farasi wa Waingereza walikuwa wanafukuza wachunga ng'ombe wakatokea juu ya bonde, wakaona jeshi zima limeketi chini yao kimya, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kulizuia. Makamanda Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana kaNdlela walikuwa wametembea na vijana wao kutoka oNdini, makao ya mfalme, kwa miguu, na Ntshingwayo alikuwa mzee wa karibu miaka 70.

Tunavuka kilima, kambi inatokea chini na ule mlima umekaa kama simba aliyelala. Nawaambia toeni ile karatasi. Jeshi la Wazulu lilishambulia kwa umbo la nyati: katikati isifuba, yaani kifua, ndo kinachowakabili Waingereza uso kwa uso. Pembe ya kushoto inapita pale kwenye korongo la Nyogane, pembe ya kulia inazunguka nyuma ya mlima bila kuonekana, na nyuma ya kifua kuna akiba. Mchoro wa nyati unakaa juu ya nchi yenyewe. Nimeona watu wazima wakinyamaza hapo dakika nzima.

Watu huuliza sana kama ni kweli Waingereza waliishiwa risasi. Vijana wa Durnford, afisa wa Waingereza aliyeshikilia kule korongoni, ndiyo, zilipungua wakalazimika kurudi nyuma na ubavu ukabaki wazi. Lakini kwa maoni yangu kosa kubwa ni kwamba Pulleine, aliyeachiwa kambi, alipanga mstari mrefu mno na mwembamba mno, mbali na hema, kambi haina handaki wala ukuta wa magari ya ng'ombe, na mkubwa wao Chelmsford alikuwa ameondoka alfajiri na nusu ya jeshi akitafuta Wazulu upande mwingine kabisa. Hata hivyo kifua cha Wazulu kilikwama kwa risasi, wamelala chini, mpaka Mkhosana kaMvundlana akasimama akawaita wainuke. Waliinuka. Yeye alipigwa risasi akafa palepale. Mchana huohuo jua likapatwa, na hilo mtu wa pwani hawezi kushangaa, jua hupatwa siku kama hiyo ya mwezi kufa.

Yale marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa nyeupe ni makaburi. Upande wa Uingereza walikufa zaidi ya 1,300, na kati yao mamia walikuwa Waafrika wa Natal waliobeba bendera ya mtu mwingine, ambao majina yao huyaoni kwenye minara ya zamani. Hapo huwa nawakumbuka wale wa Karia Kor, wapagazi wetu wa Vita Kuu ya Kwanza, Kariakoo tumebaki nayo kama jina la soko na wenyewe hatuwajui. Wazulu nao walipoteza si chini ya elfu moja. Tafadhali usikanyage mawe, usiokote ganda la risasi hata ukiliona limelala mbele yako, na ukipita kwa boma la mtu sema sanibonani. Wanaoishi pale ni wajukuu wa waliopigana.

Jioni tunaenda Rorke's Drift, ambako usiku uleule watu kama 150 walijizuia nyuma ya magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti dhidi ya Wazulu 3,000 au zaidi walioongozwa na Dabulamanzi. Medali 11 za Victoria Cross zilitoka hapo na filamu ikafuata, kwa hivyo sitaongeza mengi. Ila mwenyeji ukimuuliza panaitwaje atakwambia kwaJimu. Kwa Jimu, basi, James Rorke mwenye duka.

Siku ya sita ni Spioenkop, na mashabiki wa Liverpool huwa hawalali usiku wa kuamkia. Hivi ni vita vingine, vya Waingereza na Makaburu: Januari 1900 Waingereza walipanda kile kilima gizani, wakachimba handaki fupi kwenye mwamba, ukungu ulipoondoka wakakuta Makaburu wako kwenye vilele vinavyowatazama. Wengi waliokufa walitoka Lancashire, na ndo maana lile jukwaa la Anfield likapewa jina la Kop mwaka 1906. Handaki ndilo kaburi lao, liko vilevile lilivyokuwa, refu na jembamba. Gandhi alikuwepo na wabeba majeruhi, Churchill alipanda na kushuka na ujumbe, na upande wa pili alikuwa Louis Botha, kamanda wa Makaburu.

Mambo ya kubeba: viatu vilivyoshika mguu, suruali ndefu kwa sababu ya kupe, sweta nzito kama ni Juni mpaka Agosti, na ukija Januari koti la mvua manake radi za alasiri huku si mchezo. Penseli nitakupa mimi.