Mwani kero ni nini?

Shangazi yangu analima mahindi Mbozi. Alipokuja Mbeya mjini kutusalimia, alisimama mbele ya tangi langu la samaki wa baharini, akainama, akatazama weee, kisha akauliza: "Baba, hawa samaki unawalea ndani ya mlenda?"

Hakukosea. Mawe yote yalikuwa yameota manyoya ya kijani. Ukiyashika yanateleza, ukiyavuta yanakatikia mkononi na sehemu ya chini inabaki imeng'ang'ania jiwe. Kabla sijapata la kujitetea akaongeza: "Kwani unaweka mbolea gani?"

Nilicheka, lakini ndilo swali lenyewe.

Pwani mwani ni mali. Kinamama wa Paje kule Unguja wanaulima kwenye maji mafupi, wanauanika na kuuuza. Tangini sebuleni tunauita kero, wala hakuna mmea mmoja wenye jina hilo. Ni kama neno gugu: hata muhindi uliojiotea katikati ya maharage, siku ya palizi ni gugu. Mwani kero ni mwani wowote unaoota haraka kuliko unavyoliwa au kutolewa, hadi ukafunika mawe na kuyanyima matumbawe mwanga. Ule ukijani mwepesi unaoufuta kwenye kioo mara moja kwa wiki si kero. Tangi lisilo na mwani kabisa mimi ningelitilia shaka.

Sasa turudi kwenye mbolea. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0, na mkulima yeyote wa huku atakwambia namba ya kwanza ni naitrojeni na ya pili ni fosfeti. Mwani nao unataka hivyo hivyo viwili, ukijumlisha mwanga. Tangini hakuna anayemwaga DAP, ila tunamwaga chakula cha samaki. Samaki anakula, anakunya, makombo yanaoza, inatoka amonia. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Amonia ni sumu kali, ikizidi utaona samaki wanahema juu juu. Naitreti wanaivumilia, kwa hiyo inarundikana kimya kimya. Fosfeti inakuja na chakula chenyewe, pamoja na maji ya kuyeyukia ya kile cha kugandishwa.

Kuna mlango mwingine wa mbolea ambao mimi uliniponza mwaka mzima. Mbeya kuna baridi, na samaki hawa wa bahari ya joto wanataka maji ya nyuzi 25 hivi, kwa hiyo hita inafanya kazi usiku na mchana. Kiangazi hewa ni kavu. Maji ya uvuguvugu kwenye chumba cha baridi na hewa kavu yanapaa kama sufuria iliyoachwa wazi jikoni. Tangi langu la lita 200 linapoteza karibu ndoo ya lita 20 kwa wiki. Chumvi haipai, kwa hiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi. Hapo nilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kujazia ya bomba. Maji yanapaa, yaliyomo yanabaki: kama yana fosfeti au naitreti kidogo, kila ndoo inaacha ya kwake. Wiki kumi, ndoo kumi, lita 200. Nilikuwa nimeingiza mbolea ya tangi zima la maji ya bomba bila kutoa hata tone. Siku hizi najazia maji yaliyochujwa hadi madini yakatoka. Ya mvua yanavutia, ila yakipita kwenye bati yanazoa kinyesi cha ndege na zinki, na zinki inaua konokono na matumbawe.

Rangi nayo inasema kitu. Utando wa kahawia, kama vumbi juu ya mchanga wa tangi jipya, ni dayatomu, viumbe vinavyojenga maganda yao kwa silika, madini yale yale ya kutengenezea kioo. Maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano huwa na silika, na sisi hatuko mbali na Rungwe, mlima wa volkano. Ikiisha, wenyewe wanapungua. Utando mwekundu unaobanduka kama ngozi ya maziwa, wenye vipovu, si mwani hata kidogo bali ni bakteria, na unapenda kona ambazo maji hayazunguki vizuri. Manyoya ya kijani kama yangu ndiyo yanayokula mbolea kwa fujo.

Kuyaondoa ni kwa mkono na mswaki uliochakaa, na ukishayang'oa yatoe nje. Ukiyaacha yaelee yataoza, na mbolea irudi majini. Kisha punguza chakula, na taa ziwake kwa muda wa saa nane tu kila siku, mbali na dirisha. Kubadilisha maji kunasaidia, ila piga hesabu: naitreti ikiwa miligramu 40 kwa lita, ukibadilisha asilimia 10 kwa maji safi kabisa, inabaki 36. Ni kazi ya miezi.

Jirani alinishauri nitie samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa kwa vile wanajua kukwangua mwani. Wanajua kweli, lakini ni wa maji baridi, chumvi ingewaua. Wa baharini anayefaa ni tasi, ila huyo anakua mkubwa, lita 200 hazimtoshi. Nimebaki na konokono.

Kilichonichanganya zaidi ni kipimo. Siku ile ya shangazi nilipima maji, naitreti ikasoma sifuri. Nikamwonyesha kwa fahari kwamba mbolea hamna. Akatazama kile kichupa, akatazama mawe. "Si imeshaliwa," akasema. Mbolea yote ilikuwa ndani ya manyoya, majini hakikubaki cha kupimwa. Tulijaza nusu ndoo ya mwani jioni ile, naye akauliza kama unafaa kwenye migomba. Nikamwambia tuusuuze chumvi kwanza.