Ufukweni, Usiulize Spidi: Uliza Intaneti Hukatika Lini

Mtu anayefanya kazi kwa mtandao akitaka kuhamia mji wa ufukweni, swali la kwanza analomtumia mwenye nyumba huwa ni hili: "Intaneti hapo ina spidi gani?" Mwenye nyumba hujibu kwa picha ya kipimo: megabiti 80, mshale umelala kulia kabisa. Picha ni ya kweli. Lakini ilipigwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne, msimu wa wageni haujaanza, mpimaji kasimama hatua mbili kutoka kwenye ruta.

Mimi ni fundi wa mitandao, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya pwani. Ninachowaomba watu waulize ni kingine: hukatika lini, na kwa sababu gani? Kazi yenyewe haidai spidi kubwa. Mkutano wa video wenye picha safi hutosheka na megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande, kupakua na kupakia. Kinachouvuruga ni pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazopotea njiani na ucheleweshaji unaopanda na kushuka. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kumfikia msikilizaji. Ikizidi sana hapo mnaanza kukatizana maneno, na kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu.

Laini za simu zina tatizo lake la pwani. Vijiti vya netiweki kwenye simu vinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayokufikia, havionyeshi nafasi iliyobaki. Ni kama basi lililosimama mlangoni pako likiwa limejaa hadi ngazini. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote waliomo ndani ya eneo lake, na mji wa ufukweni hujaa kwa vipindi: wikiendi, sikukuu, likizo za shule. Tena upande mmoja wa mji ni maji, hakuna pa kusimika mnara mwingine wa kupokea mzigo. Ndiyo maana laini inayokimbia vizuri mwezi wa wageni wachache inaweza kukutupa katikati ya msimu, na hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo pima wakati mbaya. Keti mahali utakapoweka meza yako, fungua kompyuta, tuma amri ya ping, inayotuma pakiti ndogo na kupima jibu linachukua muda gani kurudi, kwenda 1.1.1.1 (anwani ya seva ya umma) na uiache ifanye kazi kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, Jumamosi ikiwezekana. Katikati ya kipimo pakia faili kubwa kwa makusudi. Kama muda wa majibu ulikuwa milisekunde 30 na sasa umeruka hadi 500, ruta inapanga foleni ndefu mno, na mkutano wako utakwama kila mwenzako wa nyumba anapotuma picha zake. Ruta nyingi nzuri zina mpangilio wa kudhibiti foleni hiyo, uwashe. Lakini pakiti zikipotea zaidi ya moja kwa mia saa nzima, hilo halitibiki kwa mpangilio wowote. Tafuta laini nyingine.

Kuna hitilafu moja ambayo fundi wa bara hawezi kuikisia, nami ilinichukua wiki kuielewa. Nyumba kadhaa za ufukweni hazina faiba, kebo ya nyuzi zinazopitisha data kwa mwanga. Hupata intaneti kwa antena inayotazamana na nyingine ng'ambo ya ghuba. Niliitwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Mpangaji alilalamika kwamba intaneti inakufa na kufufuka, lakini kila nilipofika ilikuwa nzima. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha kifaa cha umeme, nikaikaza antena upya. Wapi! Mwishowe nikamwomba aandike saa za kukatika kwa siku kumi. Saa zile zilisogea mbele karibu dakika hamsini kila siku, na mvuvi yeyote angenicheka: hiyo ni hesabu ya maji kujaa na kupwa.

Mawimbi ya redio yakivuka maji hupita njia mbili. Mengine huenda moja kwa moja, mengine hugonga uso wa bahari na kudunda. Yakifika pamoja yakiwa yamepishana nusu wimbi, yanauana. Maji yakipanda au kushuka, urefu wa njia ile ya kudunda hubadilika, basi kuna kimo fulani cha maji ambapo mawasiliano hunyauka. Wakati wa bamvua, maji yanapotembea sana, hali huzidi. Dawa yake ni antena mbili zilizopishana kimo, au kuishusha moja mahali ambapo ukingo wa nchi kavu unaikinga na mdundo wa maji. Sisi tuliishusha. Ukiambiwa intaneti ya nyumba inavuka maji, pima yakiwa yamejaa, kisha pima tena saa sita baadaye.

Chumvi hufanya kazi polepole zaidi. Hewa ya bahari huingia kwenye viunganishi vya nje, shaba inaota ukoko wa kijani, na pakiti zinaanza kupotea siku zenye unyevu mwingi. Tazama pale kebo inapoingia kwenye antena. Kama pako wazi bila utepe wa mpira wa kuziba maji, hesabu miezi tu.

Ndani ya nyumba sitakaa sana: kuta nene za mawe humeza waifai, hasa ya gigahezi 5. Vuta kebo hadi mezani.

Sasa laini ya akiba, ambapo ndipo wengi hujidanganya. Wananunua laini mbili za kampuni mbili, wakadhani wana njia mbili. Kampuni hizo zinaweza kuwa juu ya mnara mmoja, na mnara ule unaweza kulishwa na faiba ileile inayoingia nyumbani kwako. Katapila likiikata barabarani, vyote vinazima pamoja. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ilikata kebo ya baharini inayoiunganisha Tonga na dunia, na kwa takriban wiki tano hadi ilipotengenezwa, nchi ilitegemea setilaiti. Akiba ya kweli ni ile inayopita njia tofauti kabisa. Faiba na setilaiti ni ndoa nzuri, mradi uangalie setilaiti ya aina gani. Zile za kilomita 35,786 angani huchelewesha jibu kwa zaidi ya nusu sekunde. Zinafaa barua pepe, si mazungumzo. Zile za chini, kama za Starlink zilizo kilomita 550 hivi, mara nyingi hujibu chini ya milisekunde 100, ila zinataka anga wazi, na mnazi mmoja uliosimama vibaya unatosha kukukata kila baada ya dakika chache.

Bado umeme. Uzuri wa faiba za majumbani ni kwamba kigawanyio cha mwanga kilichoko mtaani hakihitaji umeme wowote. Mtaa mzima ukizima, mwanga bado unafika kwako, mradi kituo cha kampuni kina jenereta na wewe una betri ya kuwasha kifaa cha faiba na ruta. Vyote viwili hutumia umeme mdogo sana. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inavibeba kwa saa kadhaa. Kabla ya kusaini mkataba mwombe mwenye nyumba ruhusa, mpigie rafiki kwa video, kisha zima swichi kuu. Kama bado unamwona na kumsikia, uliza kodi inalipwa lini.