Esta skulini: asidi ni matone, na maji ya betri si badala yake

Kila mitihani ya vitendo inapokaribia, ofisi yetu hupokea maombi ya kemikali za kutengenezea esta, yaani kimiminika chenye harufu kinachopatikana alkoholi inapounganishwa na asidi, kutoka skuli za Unguja na Pemba, na pamoja nayo malalamiko kuwa tunakwamisha masomo. Hatukwamishi. Asidi ya sulfuriki imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya. Ni kemikali bashirifu, yaani inayoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya, na hufuatiliwa hata ikiwa safari yake inaishia kwenye kabati la mwalimu. Barua itaje kiasi, matumizi na mwalimu atakayeshika ufunguo. Kila mililita inayotoka iandikwe daftarini siku hiyo hiyo. Kuazimana chupa baina ya skuli bila ya maandishi, hata kwa nia njema, kunamwacha mwalimu peke yake akitafutwa majibu chupa ikipotea.

Kinachotusikitisha zaidi ni maji ya betri. Tumeshasema, na tunarudia: msiyatumie badala ya asidi ya sulfuriki iliyokolea. Takriban theluthi mbili yake ni maji, na maji ndiyo yanayorudisha esta kuwa asidi na alkoholi. Asidi iliyokolea huchochea mmenyuko na pia hufyonza maji yanayozalishwa. Matone machache yanatosha. Anayemimina kijiko kizima hapati esta zaidi, anapata neli ya majaribio inayochemka ghafla na kurukia uso wa mtoto.

Mililita moja ya ethanoli, moja ya asidi ya ethanoiki (asidi ya siki) isiyochanganywa na maji, kisha matone hayo ya asidi ya sulfuriki, moja moja. Neli isizibwe. Ikae dakika chache ndani ya bika la maji yaliyochemshwa pembeni, na moto uwe umeshazimwa kabla ya chupa ya ethanoli kufunguliwa. Mvuke wa ethanoli huweza kushika moto kuanzia kama nyuzi 13 za Selsiasi, na ule wa esta yenyewe hata chini ya sifuri. Chake Chake hakuna siku yenye baridi hiyo.

Wanafunzi wengi huja na jibu kwamba wamesikia siki tu. Ni kweli, kwa sababu asidi iliyobaki inaifunika harufu. Mimina kidogo kidogo kwenye maji yenye sodiamu kaboneti. Yatatoa povu, asidi itaisha, na esta itaelea juu. Pepea harufu kwa mkono, usiingize pua. Mtoto wa Pemba si mgeni wa harufu ya namna hii: mafuta ya karafuu, mbali na eujenoli inayoyapa harufu yake kuu, yana esta yake, asetati ya eujenoli.

Kwa wazazi wanaouliza kuhusu ethanoli: ya maabara hainywewi. Spiriti iliyotiwa methanoli inapofusha na kuua. Chupa ikipotea, skuli itoe taarifa siku hiyo hiyo, kabla ya kuanza kumtafuta wa kulaumiwa.