Filamu ya kihistoria siyo dokumentari

Kila inapotajwa Thirteen Days, ile filamu ya mwaka 2000 kuhusu mgogoro wa makombora ya Cuba wa 1962, pale Marekani na Wasovieti walipokaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Kisovieti kisiwani humo, hakosekani mtu wa kuiita dokumentari. Kevin Costner yumo humo anaigiza, dokumentari gani hiyo?

Filamu ya kihistoria ni hadithi inayoigizwa juu ya tukio lililotokea kweli. Dokumentari inakuletea picha, sauti na mashahidi wenyewe. Basi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba filamu hii haikutungwa hewani. Rais Kennedy alikuwa akirekodi vikao vya Ikulu kwa siri, na filamu ilitegemea kitabu kilichonakili kanda hizo. Mtazamaji akisikia hivyo anameza kila kitu. Lakini mhusika mkuu, Kenneth O'Donnell, msaidizi wa Rais anayechezwa na huyo Costner, amepewa uzito ambao hakuwa nao Oktoba 1962. Robert McNamara, Waziri wa Ulinzi wa wakati ule, alilisema hilo waziwazi: nafasi ile ilikuwa ya Ted Sorensen, mshauri na mwandishi wa hotuba za Rais.

Uhondo ni kwamba kinachoonekana kama chumvi ya sinema ndicho kilichotokea. Jioni ya tarehe 27 Oktoba Robert Kennedy, mdogo wake Rais na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alikutana kweli na Anatoly Dobrynin, balozi wa Kisovieti, akamhakikishia kwamba makombora ya nyuklia ya Marekani aina ya Jupiter yataondolewa Uturuki, mradi jambo hilo lisitangazwe. Kufikia mwisho wa Aprili 1963 hayakuwepo tena. Ila mle chumbani hapakuwa na kinasa sauti. Tulichobakiwa nacho ni taarifa ambazo kila mmoja aliiandikia serikali yake, nazo hazilingani kila mahali. Kwenye ya Robert Kennedy, sentensi inayosema kwamba mambo hayo yangeweza kumalizika baada ya miezi minne au mitano imekatwa kwa kalamu! Kwa hiyo majibizano yale makali unayoyasikia kwenye skrini yamepitia mkono wa mwandishi wa filamu, hata kama mkutano wenyewe ulifanyika.

Basi ndugu zangu, ukibishana na mtu kuhusu diplomasia ya Marekani na Wasovieti, mnukulie kanda au hizo taarifa. Thirteen Days iite filamu ya kihistoria, na wala hujaishushia hadhi.