Jike la kinyonga hutaga hata bila dume: mwandalie udongo mapema

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wafugaji wa vinyonga ni hili: "Daktari, jike wangu hajawahi kukutana na dume. Mayai haya yametoka wapi?" Yametoka kwake mwenyewe. Kinyonga wa Yemen, mmoja wa vinyonga wanaofugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani, yuko kama kuku asiye na jogoo: akishakomaa, hutaga. Mayai hayo hayataanguliwa, lakini mwili wake unayagharamia kama mengine yote. Unayajaza kiini, unayavika ganda kwa kalsiamu ya damu na mifupa yake, na mwisho lazima yatoke. Anaweza kuanza akiwa na miezi 5 au 6 tu, wakati mwenyewe bado unamwona mtoto.

Kwa hiyo usisubiri tumbo lijae ndipo utafute pa kutagia. Porini hushuka mtini, akachimba handaki kwenye ardhi yenye unyevu, akataga humo na kulifukia. Ndani ya kizimba chenye sakafu tupu ya plastiki hawezi kufanya hivyo, na wako majike wanaobaki na mayai tumboni mpaka wanakufa, kwa sababu tu hawakupata pa kuchimba. Chukua ndoo au boksi pana la plastiki, weka mchanga uliooshwa, au mchanga uliochanganywa na udongo usio na mbolea, kina cha sentimita 30 hivi. Lowesha kiasi. Ingiza kidole ukitoe: shimo likibaki wazi, unyevu unatosha; likibomoka, ongeza maji kidogo; maji yakituama chini, umezidisha. Boksi hilo likae kizimbani muda wote.

Jike aliyebeba mayai hubadilika rangi. Kijani chake hukolea mpaka kuelekea weusi, na madoa ya manjano na buluu hujitokeza. Siku za mwisho anapunguza kula au anaacha kabisa, hatulii matawini, anashuka chini na kuzunguka sakafuni kana kwamba anatafuta mlango. Akianza kuchimba, funika kizimba kwa shuka upande anaoweza kukuona. Naomba uzingatie hili kwa moyo wote, maana hapa ndipo mapenzi ya mfugaji yanapomponza mnyama. Unachungulia, unapiga picha, unawaita watoto waje waone. Yeye akikuona anaacha shimo, na wengine hawarudi tena kuchimba. Anaweza kuchimba siku moja hadi tatu, akajaribu mashimo kadhaa, hata akalala humo humo. Mwache.

Chakula ndicho kinachoamua idadi ya mayai, na wengi hawaamini ninapowaambia. Jike anayeshibishwa nyenje na mende kila siku chini ya taa kali anaweza kutaga mayai 60, 80, hata zaidi. Jike mzima anayepewa wadudu watatu hadi watano kila baada ya siku moja au mbili, na sehemu yake ya kuota joto ikawa karibu nyuzi 27 za Selsiasi, hutaga machache zaidi na kupumzika muda mrefu zaidi kabla ya uzao unaofuata. Wapo hata wanaopitisha msimu bila kutaga. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko dawa yoyote niliyo nayo kabatini. Ila usimnyime yule anayekua; huyo ale vizuri. Wadudu wapakwe unga wa kalsiamu usio na vitamini D3 karibu kila mlo, wenye D3 mara mbili kwa mwezi, na taa ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua, ibadilishwe kabla miale hiyo haijachoka, hata kama bado inawaka.

Kuna hali ambazo hazingoji kesho. Amefumba macho mchana, macho yamedidimia, anakaa sakafuni bila kuchimba, miguu haishiki tawi, au anadondosha yai moja moja akiwa juu: mpeleke kwa daktari anayejua watambaazi siku hiyo hiyo. Picha ya eksirei itaonyesha kama mayai yana ganda au bado ni viini vilivyokwama kwenye ovari. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa sindano ya oksitosini, homoni ya kusukuma mayai nje, haiwezi kusaidia viini vya ovari. Hapo njia ni upasuaji.

Anayefuga kinyonga wa Jackson, yule mwenye asili ya nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, asihangaike na ndoo ya mchanga. Huyo huzaa watoto hai, baada ya kuwabeba kwa miezi kadhaa.

Jike akimaliza, hulifukia handaki na kupanda juu amekonda, ngozi imelegea, ana udongo usoni. Mnyunyizie maji kwa muda mrefu mpaka aache kunywa, kisha kwa siku kadhaa mpe chakula kingi kuliko kawaida, chenye kalsiamu. Mayai yafukue yeye akiwa amepanda. Kama aliwahi kukutana na dume, hata miezi iliyopita, usiyatupe: huhifadhi mbegu mwilini, na uzao wa pili unaweza kuwa hai. Yaweke bila kuyageuza, upande wa juu ukiwa na alama ya penseli, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28, na ujiandae kusubiri miezi 6 hadi 9.